Breki ya mkono hupimwa na gunia la mwisho

Siku ya gulio Lukozi, au katika kijiji chochote cha milima ya Usambara ambako mboga hupakiwa kando ya barabara, mahali tambarare pa kuegesha gari ni adimu. Pikapu husimama kwenye mteremko, dereva huvuta breki ya mkono, utingo hutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi, na upakiaji wa kabichi, karoti na viazi huanza.

Jiwe hilo limezoeleka mno kiasi kwamba hakuna anayeuliza kama breki yenyewe bado inashika.

Kwa wasafirishaji wengi wa mazao, breki ya mkono, au hendibreki kama wanavyoiita madereva, ndiyo huwa ya mwisho kutengenezwa. Sababu inaeleweka. Klachi ikiisha gari halipandi mlima, tairi likipasuka gari halitembei, lakini waya wa hendibreki ukikatika gari huenda Dar es Salaam na kurudi kama kawaida. Fedha za matengenezo ni chache, nazo huenda kwanza pale palipokwamisha safari.

Hata hivyo, hesabu hiyo inasahau kitu kimoja: breki ya mkono haifanyi kazi wakati gari linatembea. Inafanya kazi wakati wa kupakia, na kila gunia linalopandishwa huiongezea kazi.

Chukua mfano wa pikapu yenye uzito wa kilo 1,400 ikiwa tupu. Ikisimama kwenye mteremko unaopanda meta 1 kwa kila meta 10 za barabara, nguvu inayoivuta kushuka ni sawa na uzito wa takriban kilo 140. Ikipakiwa tani moja, nguvu hiyo hufikia kilo 240. Kwa hiyo breki iliyoshika vizuri saa 8 mchana, gari likiwa tupu, inaweza kuachia saa 10 jioni bila mtu yeyote kuigusa.

Huo ndio muda ambao watu wengi huwa nyuma ya bodi: wapakiaji, mwenye shamba, mnunuzi anayehesabu magunia, na mara nyingine watoto waliokuja kutazama. Gari likiserereka hapo, hasara ya kwanza ni ya watu.

Hasara ya pili ni ya mzigo. Mazao mengi huchukuliwa kwa mali kauli, mkulima akisubiri kulipwa gari litakaporudi kutoka sokoni. Mzigo ukimwagika bondeni, mfanyabiashara hubaki na deni asiloweza kulilipa na mkulima hukosa fedha za mbegu na mbolea za msimu unaofuata. Kwa maana hiyo hata mkulima asiye na gari ana haki ya kumuuliza dereva habari za hendibreki kabla ya kupandisha kreti zake.

Kifaa chenyewe si kigumu kukielewa. Mkono unaovutwa na dereva una meno yanayouzuia usirudi. Mkono huo huvuta waya unaopita chini ya gari, kisha nguvu hugawanywa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ndani ya kila dramu waya huvuta kipande cha chuma kinachosukuma viatu vya breki kutoka katikati hadi vibane ukuta wa dramu. Hakuna mafuta ya breki katika njia hiyo. Ni waya, springi na msuguano tu.

Kwa magari mengi madogo, breki iliyo sawa hushika kati ya meno 5 na 9, na kitabu cha gari husema idadi kamili. Mkono ukipanda meno mengi kuliko idadi hiyo ndipo ushike, au ukipanda hadi mwisho bila kushika, kuna tatizo. Na hapa ndipo fedha nyingi hupotea gerejini.

Fundi mwenye haraka huingia chini ya gari, hukaza nati ya waya, hutoka na kudai malipo. Mkono sasa unashika meno manne, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Kumbe tatizo halikuwa waya. Viatu vya breki vilikuwa vimelika na kuacha nafasi kubwa kati yake na dramu, na fundi ameificha nafasi hiyo kwa kuvuta waya.

Matokeo yake huonekana baada ya wiki chache. Waya uliokazwa kupita kiasi huvifanya viatu vikwaruze dramu muda wote, gari huwa zito, mafuta huliwa zaidi na dramu huchemka. Aidha, katika magari ambayo viatu hujirekebisha vyenyewe, kifaa cha kujirekebisha huacha kufanya kazi kwa sababu waya hauruhusu kile kipande cha chuma kurudi mahali pake. Mwenye gari hulipa mara ya pili, safari hii kwa viatu, na pengine kwa dramu pia.

Utaratibu sahihi huanzia kwenye dramu na kumalizikia kwenye waya. Gari lisimamishwe mahali tambarare, tairi za mbele ziwekewe kabari pande zote mbili, breki ya mkono iachiwe kabisa, kisha nyuma ipandishwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara. Dramu zifunguliwe. Kiatu kilicholika kibadilishwe, na vibadilishwe vya magurudumu yote mawili ili upande mmoja usishike kuliko mwingine. Kama viatu vimeloa mafuta, iwe ya difu yaliyopita kwenye sili iliyokufa au mafuta ya breki yanayovuja, kukaza waya ni kupoteza muda. Uvujaji uzibwe kwanza, viatu vibadilishwe, na dramu isafishwe.

Baada ya hapo viatu hurekebishwa hadi viguse dramu kidogo tu, kisha hulegezwa gurudumu lizunguke kwa urahisi. Pedali ya breki hukanyagwa mara kadhaa ili viatu vikae sawa. Ndipo nati ya waya ikazwe, jino kwa jino, huku mtu akizungusha magurudumu kwa mkono. Mkono ukiachiwa, magurudumu yote mawili yawe huru. Ukivutwa, yote mawili yabane kwa pamoja.

Waya wenyewe huharibika zaidi kwa maji kuliko kwa kazi. Ganda lake la nje likichanika, au kile kimpira cha mwisho kikipasuka, maji na matope huingia na kutu huota ndani. Dalili yake ni rahisi kuijua: mkono umeachiwa lakini gurudumu moja la nyuma linabaki limebana. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kali kuliko la upande wa pili, waya umekwama au viatu havirudi.

Madereva wasiovuta kabisa hendibreki kwa kutegemea gia ndio huota kutu mapema. Waya unaotumika kila siku huishi zaidi. Lakini gari litakaloegeshwa wiki nzima msimu wa masika ni bora liachwe mahali tambarare, kwenye gia na kabari, kwa sababu viatu vilivyoloa huweza kuganda kwenye dramu.

Waya ulioshika kutu ndani unaweza kulegea kwa siku chache ukimwagiwa oili, kisha hurudia. Dawa ni kuubadilisha. Kuunga waya uliokatika kwa bolti, au kuuchomelea, ni hatari. Moto wa kuchomelea hudhoofisha nyuzi za chuma pale pale panapobeba nguvu yote. Anayenunua waya wa mtumba auvute huku na huku ndani ya ganda lake kabla ya kulipa. Ukikwaruza, auache. Aende dukani na namba ya chasi, au na waya wa zamani mkononi, kwa sababu tofauti ndogo ya urefu hufanya kazi yote irudiwe.

Wenye Canter na wenye Land Rover za zamani wanahitaji tahadhari ya pekee. Katika magari hayo breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya gia boksi, na hubana propela shafti. Propela ikifunguliwa, gari halina hendibreki hata kama mkono umevutwa hadi juu. Kibaya zaidi, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke hewani na gari zima linaweza kuondoka. Anayebadilisha tairi la nyuma kwenye mteremko aweke kabari kabla ya kugusa jeki.

Kabari ina nafasi yake hata kwa gari lenye breki nzima, lakini jiwe la mviringo si kabari. Tairi lenye mzigo huweza kulipanda au kulisukuma. Kipande cha gogo kilichokatwa mshazari, kikakaa muda wote ndani ya gari, hufanya kazi bora na hakiachwi barabarani usiku kumsubiri mwendesha pikipiki. Kabari ikae upande wa mteremko, na usukani ugeuzwe ili gari likiondoka ligonge ukingo wa mlima badala ya kuelekea bondeni.

Waya mpya hunyooka kidogo katika siku za mwanzo, hivyo mkono huanza kupanda jino moja au mawili zaidi. Gari lirudishwe gerejini baada ya wiki mbili hivi kwa marekebisho madogo, na ni vyema hilo lipatanwe na fundi kabla ya kazi kuanza ili lisilipiwe upya. Jaribio la mwisho lifanywe gari likiwa na mzigo, kwenye mteremko, dereva akiwa ndani na mguu karibu na pedali, na asiwepo mtu yeyote nyuma.