Nishati ipitayo Tunduma na moshi ubakio jikoni

Mafuta ya kuendeshea migodi ya shaba ya Zambia yamekuwa yakipita katika ardhi ya mkoa ambao leo ni Songwe tangu mwaka 1968, bomba la TAZAMA lilipokamilika. Bomba hilo la kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na njia ya kusini ya kupitia huko kuacha kutegemeka. Reli ya TAZARA ikafuata, ikakamilika mwaka 1975. Umefika sasa mradi wa njia ya umeme ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, utakaounganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia. Kwa karibu miaka 60 Tunduma, mji wa Songwe ulio mpakani na Zambia, imekuwa mlango wa nishati ya nchi mbili. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mji huo chakula bado huivishwa kwa mkaa na kuni, na wanaoumia zaidi ni kina mama na watoto.

Moshi wa kuni hubeba chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikrometa 2.5. Kwa udogo huo hazinaswi puani wala kooni. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi wa jikoni hauishii kwenye kikohozi na macho mekundu. Huchangia kiharusi, magonjwa ya moyo, ugonjwa sugu wa mapafu na saratani, na karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo, ambaye mara nyingi yuko mgongoni kwa mama yake wakati sufuria iko jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumiwa na Serikali ni vifo takriban 33,000 kwa mwaka.

Mkaa hudhaniwa kuwa na nafuu kwa sababu moshi wake hauonekani sana. Kumbe unapowaka hutoa kwa wingi kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Katika nyanda za juu za Mbozi na Ileje mkoani Songwe, baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani ili waote moto. Kichwa huanza kuuma, kikafuata kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na wengine hawaamki tena. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu bado hutoa gesi hiyo. Jiko lenye moto lisilale na watu.

Nje ya nyumba kuna dizeli. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma kilichozinduliwa na Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia Oktoba 2019 kililenga kufupisha muda wa kuvuka, lakini foleni za malori hazijaisha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Mama lishe na waendesha bodaboda wa kando ya barabara huuvuta mchana kutwa, kisha hurudi nyumbani kwenye moshi mwingine.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuacha kuni na mkaa, na mitungi ya gesi imeuzwa kwa bei ya ruzuku. Lengo ni jema, ila kugawa mtungi ni kazi nyepesi kuliko kuujaza. Gesi husafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na mtungi wa kilo 6 hudai fedha yote kwa mara moja. Mkaa hununuliwa kwa kopo, wa leo kwa leo, kama kipato cha kibarua kinavyoingia. Wapo pia wanaouchoma na kuuza. Wakipigwa marufuku bila kazi nyingine, umaskini utahama tu kutoka mjini kwenda kijijini.

Mbadala mwingine uko Ileje, kwenye makaa ya mawe ya Kiwira-Kabulo: Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) hutengeneza mkaa mbadala kutokana na makaa hayo. Hapa tahadhari inahitajika. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri makaa ya mawe yasiyochakatwa yasitumike kabisa majumbani. Ya STAMICO huchakatwa. Basi vipimo vya moshi wake vitangazwe wazi kwa wapikaji.

Nishati yenye matumaini makubwa zaidi ni umeme, ile inayosubiriwa kwenye nguzo. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Tatizo ni bei. Kwa viwango vya mwaka 2016, kaya ya kundi la D1, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Iliyo kundi la T1, la matumizi makubwa kuliko hayo, hulipa 292. Kaya ya uniti 60 hulipa 6,000. Ikiongeza uniti moja ya kupikia kila siku hufika 90, na ikihamishiwa T1 hulipa 26,280. Mpangilio huo unamwadhibu anayeacha mkaa. EWURA, yenye mamlaka ya kuidhinisha bei, iandae kiwango maalumu cha umeme wa kupikia kwa kaya za kipato cha chini, na Tunduma iwe miongoni mwa miji ya kwanza kukitumia.