UGONJWA WA KUTETEMEKA: TUUJUE, TUUTIBU, ASIFUKUZWE MTU KWA AJILI YAKE



Katika bonde la Gikondo viwanda vilipangana kwa miaka mingi, kabla ya Serikali kuanza kuvihamishia Masoro ili kuliokoa eneo la chepechepe. Vijana walioingia katika viwanda vile wakiwa na nguvu zao leo wana mvi. Wengine wako kazini bado, wengine wamestaafu. Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa ajili yetu sisi tunaofuata nyuma yao.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye umri wa miaka 58. Mkono wake wa kulia unatetemeka anapouweka gotini kupumzika. Kufunga vifungo vya shati kunamchukua muda mrefu. Anatembea kwa hatua fupi na mkono mmoja hauchezi. Msimamizi anasema amelewa. Wenzake wanasema amekuwa mvivu. Nyumbani wanasema amerogwa. Huenda wote wamekosea, na kosa hilo laweza kumpotezea kazi, heshima na miaka ya matibabu.

UGONJWA HUU NI NINI?

Unaitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo inayolainisha mwendo wa mwili, kama grisi katika mashine. Chembe hizo zinapokufa, dopamini inapungua na mwili unakuwa mzito. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye chumba kimoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao. Bondia Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, aligunduliwa kuwa na dalili zake mwaka 1984. Basi si ugonjwa wa watu dhaifu wala waoga.

Tusidhani uko Ulaya tu. Katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu 161,000 na zaidi, wakawapata wagonjwa 33. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Waliishi na mtetemo, wakaanguka, wakadhani ni uzee au uchawi, na dawa ipo duniani tangu miaka ya 1960.

DALILI ZAKE

Dalili kubwa ni hizi:

1. Mkono au mguu kutetemeka wakati umepumzika. Mara nyingi huanza upande mmoja.
2. Mwendo kuwa wa polepole: kuinuka kitini, kugeuka kitandani, kuandika kwa herufi zinazozidi kuwa ndogo.
3. Misuli kukakamaa. Wengi hudhani ni baridi yabisi ya bega.
4. Kupoteza usawa na kuanguka. Hii huja baadaye.

Zipo nyingine zisizoonekana: choo kigumu, kupoteza uwezo wa kunusa, usingizi wa kupiga mateke, huzuni nzito, sauti kufifia. Si kila mtu anayetetemeka ana Parkinson, na si kila mwenye Parkinson anatetemeka. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha. Daktari anamtazama mtu, anamwambia atembee, afungue na kufunga vidole, kisha anaamua.

Jambo moja la kumwambia daktari ni dawa unazotumia. Dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidoli, na dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa. Daktari akizibadilisha, mara nyingi dalili hupungua. Usiziache mwenyewe bila shauri lake.

KAZI NA UGONJWA HUU

Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow aliandika habari za wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini ya manganizi. Miguu yao ilidhoofika, sauti ikafifia, wakatembea kama watu wanaosukumwa. Vumbi la manganizi lilikuwa limeingia ubongoni. Ugonjwa huo unafanana na Parkinson lakini si huo hasa, na dawa za Parkinson haziusaidii sana. Leo manganizi imo katika moshi wa kuchomelea chuma. Fundi anayechomelea ndani ya chumba kisicho na hewa, siku baada ya siku, anavuta moshi huo.

Mashambani, tafiti nyingi zimeihusisha dawa ya kuulia magugu iitwayo parakwati na ugonjwa wa Parkinson. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Viwandani, kiyeyusho cha kuondolea grisi kwenye vyuma kiitwacho trikloroethilini nacho kimehusishwa. Hatusemi kwamba kila mgonjwa ameupata kazini. Kwa wengi sababu haijulikani, na umri ndio unaochangia zaidi. Tunasema kwamba kujikinga kunawezekana: fungua madirisha, dai feni ya kuvuta moshi, vaa kinga ya pua inayofaa kazi hiyo, usipulizie dawa dhidi ya upepo, na usipeleke nyumbani nguo zenye dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DAWA

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu kabisa haijapatikana. Zipo dawa za kumrudishia mgonjwa mwendo wake kwa miaka mingi.

Kubwa kuliko zote ni levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Hutolewa pamoja na karbidopa au benserazidi ili ifike ubongoni bila kuharibika njiani. Yafaa tujue kwamba daktari George Cotzias, aliyefungua njia ya tiba hii mwaka 1967, alikuwa akiwachunguza wachimbaji wa manganizi wa nchi ya Chile. Jasho la wachimbaji wale limo ndani ya kidonge hiki. Levodopa pamoja na karbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Namna ya kuitumia:

- Huanza kwa dozi ndogo na kuongezwa polepole. Usikate tamaa wiki ya kwanza.
- Meza kwa saa zilezile kila siku, nusu saa kabla ya chakula au saa moja baada yake. Nyama, maharage na maziwa huweza kuizuia isiingie vizuri. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visimezwe nayo kwa wakati mmoja.
- Ikikuletea kichefuchefu, mwambie daktari. Usinunue metoklopramidi dukani, maana itaondoa faida ya levodopa.
- Inuka polepole, kwani inaweza kuleta kizunguzungu.
- Usiiache ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kukakamaza mwili wote na kuhatarisha maisha. Nunua nyingine kabla ya zile za mwisho kwisha.

Baada ya miaka, dawa huweza kuisha nguvu mapema kabla ya dozi inayofuata, au mwili kuchezacheza wenyewe. Hapo daktari hupanga upya saa na vipimo, au huongeza dawa nyingine. Ipo triheksifenidili, inayosaidia mtetemo kwa walio na umri mdogo. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, choo kigumu na kuzuia mkojo. Upo pia upasuaji wa kuweka waya ubongoni. Ni wa gharama kubwa na haumfai kila mgonjwa.

Neno kuhusu upupu. Mbegu zake kweli zina levodopa, na wataalamu wamezijaribu kwa wagonjwa. Lakini mbegu hii na ile hazilingani kwa nguvu, wala anayeuza unga sokoni hakupimii. Anayeuchanganya na vidonge bila daktari kujua anajihatarisha.

MAZOEZI NA MAISHA YA KILA SIKU

Mazoezi nayo ni tiba. Tembea kila siku, hatua ndefu, ukirusha mikono. Mguu ukiganda mlangoni, usivutwe: simama, hesabu moja, mbili, kisha vuka kama unaruka mstari uliochorwa chini. Kaskazini mwa Tanzania, wagonjwa ambao hawakuwa wamepata dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata viashiria vya namna hiyo, na mwendo wao ukawa bora. Fundisho hilo halihitaji duka la dawa.

Kula mboga na matunda, kunywa maji ya kutosha ili choo kilainike. Kula ukiwa umekaa wima, tonge dogo, bila haraka. Soma au imba kwa sauti kubwa kila siku ili sauti isipotee. Ondoa mikeka inayoteleza nyumbani. Huzuni nayo ni sehemu ya ugonjwa. Isemwe kwa daktari, isifichwe. Na anayemhudumia mgonjwa apumzishwe na ndugu wengine.

WAJIBU WETU

Ukiona dalili, anza kituo cha afya kwa bima yako ya mituweli, au kwa bima ya kazini, uombe barua ya kupelekwa juu. Hospitali ya Ndera inashughulika na magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. CHUK ni hospitali ya rufaa. Nenda na ndugu atakayesema aliyoyaona.

Mjumbe wa wafanyakazi, nawe una kazi. Mwenzetu anapoitwa mlevi au mvivu, usiache barua ya kufukuzwa itangulie barua ya daktari. Omba abadilishiwe kazi: atoke kwenye msumeno na ngazi, apewe kazi ya kukaa, apewe dakika za kumeza dawa kwa saa yake. Kama moshi au dawa za kazini zinashukiwa, yaandikwe aliyoyafanya na miaka aliyoyafanya. RSSB inalo tawi la ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, lakini madai bila maandishi ni maneno matupu.

Mkono unaotetemeka leo ndio uliojenga viwanda vya Gikondo. Tusiuache peke yake.

Umoja ni nguvu.