Ajali Hii Ina Kinga



Mtu akigongwa na gari huku kwetu, watu husema, "Ajali haina kinga." Maneno haya huwatuliza wafiwa, lakini pia hutuzuia kuuliza ilianza wapi. Dereva akiwa mlevi, ajali yake ilianza pale baa au pale kwenye sherehe, mbele ya watu waliomwona akinywa, kabla injini haijawashwa. Ajali kama hiyo ina kinga. Hapa tunaeleza yaliyojaribiwa nchini Kenya, na kazi iliyobaki kwa vikundi vyetu.

POMBE HAINA HARAKA YA KUTOKA

Chupa ya bia ya nusu lita ina kama gramu 20 za pombe halisi. Mwili wa mtu huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Hivyo chupa moja huchukua saa mbili au zaidi. Kahawa, supu ya mbuzi na maji baridi humwamsha mlevi, lakini havimtoi ulevi.

Tupige hesabu. Dereva wa gari la maziwa anaanza kunywa saa mbili usiku na kumaliza chupa tano. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, ananawa uso, anasema yuko sawa. Kumbe anaweza kuwa na pombe mwilini mpaka saa mbili asubuhi na kuendelea. Chang'aa na busaa ni hatari zaidi kuhesabu, kwani nguvu yake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi. Na kwa bodaboda mambo ni magumu zaidi: pikipiki husimama kwa usawa wa mwendeshaji, na pombe huuharibu usawa huo mapema.

SERIKALI IMEJARIBU NINI?

Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wengi tunaiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa Mbunge wa Naivasha. Iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Sheria hii ililenga ulevi wa asubuhi. Lakini saa tano ikigonga, wanywaji wote hutoka pamoja gizani, na kila mmoja anatafuta njia ya kufika nyumbani.

Mwezi wa Desemba 2013 vilirudi barabarani vile vipimo vya pumzi, Alcoblow. Wenye baa walilalamika, kesi ikaenda mahakamani, na Mei 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni za vipimo hivyo hazikupatana na Sheria ya Trafiki. Wengine walifurahi wakidhani kuendesha ukiwa mlevi si kosa tena. Hapo walijidanganya. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki bado kinamhusu mlevi asiyeweza kulimudu gari, na adhabu yake yaweza kufika miaka 10 jela au faini ya shilingi 500,000, au zote mbili.

Kipimo husaidia pale kilipo. Katika jimbo la New South Wales, Australia, tangu Desemba 1982 polisi husimamisha dereva yeyote na kumpima, na vifo barabarani vilipungua sana. Huku kwetu, kizuizi utakiona kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi. Lakini ile barabara ya murram ya kutoka sokoni mpaka kijijini, polisi gani atasimama huko saa tano usiku? Huko tupo sisi wenyewe.

SAUTI YA ABIRIA INA NGUVU

Watafiti wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu, vikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: magari yaliyopewa vibandiko yalipunguza madai ya bima kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilipunguza madai kwa robo hadi theluthi. Ndiyo ile kampeni ya "Zusha!" Haikuwa ya pombe peke yake, lakini fundisho ni lile lile: abiria akijua ana ruhusa ya kusema, dereva husikia.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA HAYA

1. Amueni kabla ya sherehe. Iwe harusi, ruracio au koito, chagueni mapema nani hataonja, naye ndiye ashike funguo. Kumnyang'anya mlevi ufunguo usiku huleta vita.

2. Katika bajeti ya sherehe, pesa ya usafiri itangulie pesa ya kinywaji.

3. Kama mmenunua pikipiki kwa pesa ya kikundi, andikeni katika mkataba: mwendeshaji akinywa, ufunguo unabaki kwa mweka hazina mpaka kesho jioni. Someni pia karatasi za bima. Mara nyingi bima haitengenezi chombo kilichoharibiwa na mlevi, na deni la mkopo linabaki kwenu.

4. Ongeeni na wazee wa steji, ili mwendeshaji aliyelewa asipewe abiria.

5. Ndani ya matatu, mmoja aanze kusema na wengine wamuunge mkono. Dereva asiposikia, shukeni pamoja mahali salama, mshike nambari ya gari, mpige 999 au 112.

6. Aliyeshindwa na pombe msimfukuze. Mwelekezeni kwa padre, kwa Chama cha Pioneer au kwa mikutano ya AA.

JAMBO GUMU

Tunajua kuna akina mama katika vikundi vyetu wanaolipa karo kwa pesa ya busaa. Hatusemi hivyo kuwaaibisha. Lakini muuzaji ndiye anayeona wa kwanza kwamba fulani amezidi, na kwamba amekuja na pikipiki. Neno lake, "Baba Wanjiru, leo utatembea," linaweza kuokoa mtoto wa jirani. Tunajua pia mke huogopa kumwambia mumewe mbele ya watu. Ndiyo maana tunasema iwe sheria ya kikundi, asibebe mzigo huo peke yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Na sisi tuliomwona akipanda, tusijibu kama Kaini.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Sherehe ijayo kijijini kwetu ni lini, na nani atashika funguo?
- Mkataba wa pikipiki yetu unasema nini juu ya pombe?
- Ni nani kati yetu ataongea na wauzaji, na nani ataenda steji?

Andikeni majibu katika kitabu cha mikutano, pamoja na jina la atakayefanya kila kazi.