Biashara ya kufufua magari ya V8: faida iko kwa muuza spea

Tarehe 17 Aprili 1964 Ford ilizindua Mustang kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ikianzia dola 2,368, na siku hiyo hiyo mawakala wake wakapokea oda 22,000. Wakati huo Pontiac walikuwa wameshachukua injini ya V8 ya lita 6.4 kutoka kwenye magari yao makubwa, wakaipachika kwenye gari la ukubwa wa kati na kuliita GTO. Mteja aliongeza dola zisizofika 300 tu kwenye bei ya kawaida. Hayo ndiyo magari ya misuli: milango miwili, bodi nyepesi, injini kubwa, na bei ambayo kijana aliyeajiriwa kiwandani aliimudu. Enzi yake ilikuwa fupi. Bima ilipanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na mafuta yalipoadimika mwaka 1973 mambo yakaisha.

Magari yenyewe hayakuisha. Yamo kwenye gereji za nyumbani kuanzia Ohio hadi California, yamewekwa juu ya stendi, na mwenyewe huingia chini yake jioni akitoka kazini. SEMA, chama cha watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya kuboresha magari kilichoanzishwa mwaka 1963, kinakadiria kuwa Wamarekani hutumia zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka kwa vifaa hivyo. Pikapu na magari mapya yamo pia katika hesabu hiyo, lakini magari ya miaka ya 60 ndiyo yaliyoijengea biashara hii jina.

Ukitaka kujua pesa hizo zinaishia kwa nani, anza na hesabu ya ufundi. Kufufua gari zima, kuanzia chuma kitupu hadi rangi ya mwisho, kunaweza kumeza saa 1,000 na zaidi. Karakana nyingi za Marekani hutoza dola 100 au zaidi kwa saa. Kwa hiyo ufundi peke yake ni dola 100,000 kabla hujanunua hata taa moja, na Mustang nyingi za kawaida, hata zikiwa zinang'aa, haziuzwi kwa bei hiyo. Ndiyo maana kazi imehamia nyumbani. Anayejifanyia mwenyewe hazitozi saa zake, na mradi unaonekana una faida kwa sababu mshahara wa fundi haukuandikwa popote.

Muuza spea hana tatizo hilo. Summit Racing na Jegs, wote wa Ohio, hupeleka mizigo hadi mlangoni kwa mteja. Year One na Classic Industries wana katalogi nene zenye kila kitu, kuanzia klipu ya zulia hadi madigadi. Dynacorn wamefika mbali zaidi: wanauza bodi nzima mpya ya Camaro ya 1967 hadi 1969, na ya Mustang pia, iliyopigwa kwa mabati mapya. Mtu anaweza kujenga gari la zamani ambalo halina chuma hata kimoja cha zamani, ingawa usajili wake ni suala jingine, maana kuhamisha namba ya chasisi kutoka gari moja kwenda jingine ni kosa la jinai.

Kinachokula saa zote hizo ni kutu. Chukua Mustang ya 1965. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kupitishia hewa ya kabini, na chini ya matundu kuna mfereji uliofichwa kati ya mabati mawili. Majani huingia humo, huoza, hushika maji, na chuma huliwa kutoka ndani huku rangi ya juu ikiwa safi kabisa. Mnunuzi mjuzi humwaga ndoo ya maji juu ya matundu hayo, kisha huinama chini ya dashibodi kuangalia sakafu. Zulia likilowa, kuna kazi. Bati la juu limeshikwa kwa madoa mengi ya weldingi, na kila doa hutobolewa kwa drili, taratibu, ili bati la chini lisitoboke. Baada ya hapo ndipo unapokata kilichooza, unachomelea kipya, unaziba na kurudisha kila kitu. Hakuna atakayeiona kazi hiyo gari likishapigwa rangi, na sijaona sehemu ya ufundi huu inayostahili heshima kuliko hiyo.

Upande wa kuboresha ndiko mauzo yanakokua, na sababu kubwa ni injini moja. Mwaka 1997 General Motors walitoa LS1, V8 ya alumini ya lita 5.7, kwenye Corvette. Ukoo wake ukaenea hadi kwenye pikapu na Tahoe, kwa hiyo injini za lita 5.3 zimejaa kwenye yadi za magari yaliyogongwa. Ni imara, inawaka asubuhi bila kubembelezwa, na spea zake zipo kila mahali. Ila haikai kwenye Camaro ya 1968 hivi hivi. Inataka mounti zake, sampu nyingine, waya zake, kompyuta yake na pampu ya mafuta ya umeme, na kila kimoja kati ya hivyo kina kampuni inayokitengeneza. Holley wa Kentucky, waliojulikana kwa kabureta, sasa wanauza mfumo wa kunyunyizia mafuta kielektroniki unaofungwa mahali pa kabureta ile ile. Ukiongeza nguvu, breki za ngoma za zamani hazifai tena. Unanunua za diski. Kisha shokabsoba, gia boksi ya spidi tano, na difu itakayohimili yote hayo.

Lakini si kila gari ni la kukatwakatwa. Camaro ZL1 ya 1969 zilitengenezwa 69 tu; kuitoa injini yake na kuweka ya kisasa ni kuchoma pesa. Mustang iliyotumika kwenye filamu ya Bullitt ilinunuliwa na familia moja mwaka 1974 kwa dola 6,000, na Januari 2020 ikauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.74, ikiwa na rangi iliyochakaa na mikwaruzo yake. Hapo kilicholipiwa ni uhalisi na karatasi zinazouthibitisha. Utapeli nao umefuata pesa: namba ya chasisi ya Camaro ya 1969 haisemi kama gari lilitoka kiwandani likiwa toleo ghali la SS, na beji za SS zinauzwa kwenye katalogi. Kwa Ford za kuanzia 1967, Marti Auto Works hutoa ripoti kutoka kumbukumbu za kiwanda. Ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hasara inayoizuia.

Biashara hii ina mawingu mbele yake. Mabati mengi ya kuiga hutoka Taiwan, na mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipandisha ushuru wa chuma na alumini kutoka nje hadi asilimia 50. Waliotamani magari haya wakiwa na miaka 16 sasa wamevuka 70, na wanaanza kuyauza. Upande wa pili, Dodge waliacha kutengeneza Challenger ya V8 mwishoni mwa 2023, na Camaro nayo ikakoma kipindi hicho hicho, hivyo anayetaka mngurumo huo ana sehemu chache za kuutafuta. California nayo haiyapimi moshi magari ya modeli ya 1975 na ya nyuma yake.

Kwa Mswahili aliyeko Houston au Minneapolis anayeifikiria biashara hii, ushauri wangu ni huu. Ukitaka kuuza kwa faida, uza spea au ufundi wa bodi. Ukilitaka gari, nunua lililokaa Arizona, kwenye ukavu, hata kama injini yake imekufa, na uone karatasi kabla hujatoa pesa. Injini mpya utaipata ndani ya kreti ikiwa na garantii. Kutu utailipia kwa saa.