Ukalimani wa Mwandishi wa Televisheni

Televisheni ilianza Unguja mwaka 1973. Tanzania Bara iliipata mwaka 1994. Kwa hiyo kazi ya mwandishi wa habari za televisheni ni changa. Afikapo Muze, katika Bonde la Rukwa chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, mwandishi huyo huwakuta Wafipa na Wasukuma, kila watu na lugha yao. Lakini habari hana budi kuitoa kwa Kiswahili. Mzee aelezapo kwa Kifipa hasara ya shamba lake, picha humwonyesha yeye, bali maneno yaeleweka kwa ulimi wa mwandishi. Kosa la tafsiri watazamaji wengi hawalitambui. Basi ujuzi wa lugha za wenyeji ni sehemu ya uaminifu wa kazi hiyo.