Lengo Linalotimizika Leo

Katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, wanauchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia wanachama wa vikundi vya kupeana fedha kwa zamu vibubu vya bati vyenye kufuli. Kila mmoja alitaja kwanza hitaji la afya analowekea akiba, kama vile chandarua au dawa ya kutibu maji ya kunywa. Ufunguo alibaki nao mwenyewe, na hakuna aliyemkataza kufungua.

Mwaka ulipokwisha, watu hao walikuwa wametumia fedha nyingi zaidi kununua vitu vya kujikinga na maradhi kuliko wenzao wasiopewa kibubu, tena kwa asilimia 66 au zaidi. Shilingi ikishadumbukizwa ilikuwa na kazi yake, ikawa rahisi kukataa kuitumia kwa anasa ndogondogo au kwa ombi la jirani asiye na dharura. Wengine walipewa kibubu kama hicho, ila ufunguo ukakaa kwa afisa wa mradi. Hao hawakupata nafuu hiyo: walisita kufungia fedha wasizoweza kuzifikia mtu akiugua ghafla. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yamfikirishe kila anayeamini kuwa ni lazima ajibane kupita kiasi ndipo abadilike.

Mtu akishindwa kubadilika, huambiwa hana nia. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki, kwani kasoro iko kwenye ukubwa wa lengo.

Mwaka 1981, wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk waliwapa watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu, na wasiozipenda, kurasa 42 za hesabu za kutoa. Baadhi waliambiwa wajaribu kurasa sita kila kipindi. Wengine waliambiwa wakamilishe zote hadi mwisho wa kipindi cha saba. Kazi ilikuwa ileile, lakini wa kurasa sita ndio walioelewa zaidi, wakajiamini zaidi, na hesabu walizokuwa wakizikimbia zikaanza kuwapendeza.

Hata kwa ugonjwa wa kisukari imeonekana hivyo. Nchini Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kuugua. Kundi moja liliwekewa malengo ya kawaida kabisa: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwenye kilo 90 alitakiwa kupunguza kilo sita na ushei tu. Hatari ya kuugua kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa waliomeza dawa ya metformin ilishuka kwa asilimia 31.

Mazoea nayo yanahitaji subira. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijizoesha jambo moja dogo, kama kunywa maji wakati wa chakula. Kwa wastani mazoea yalikomaa kwa siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kwa hiyo anayetaka kuachana na sukari kwenye chai aanze wiki hii na kikombe cha asubuhi, apunguze kijiko kimoja, na siku akisahau aendelee kesho yake bila kujilaumu.