Stesheni Chini ya Nyumba za Watu

Mtu asimamaye penye njia panda ya Babati, pale barabara itokayo Arusha inapogawanyika, tawi moja likielekea Kondoa na Dodoma na la pili Singida, amekanyaga ile barabara kuu ambayo Waingereza, katika zama za ukoloni wao, walitamani itoke Cape Town hata Cairo; si ajabu basi kwamba mji huu usio na reli, ambao watu wake huenda kwa basi, bajaji na bodaboda, upende kusikia habari za Cairo, ambako mwaka 1987 ilifunguliwa reli ya kwanza barani Afrika ya kuwachukua abiria wa mjini chini ya ardhi.

Katika stesheni zake, iliyo na mazingatio kwetu ni ya Zamalek, mtaa wa makazi ulio kisiwani katikati ya mto Nile. Wenyeji walipopata habari kwamba njia ya tatu ya reli hiyo itapita chini ya misingi yao walipinga kwa miaka, wakihofu nyufa na zahama ya umati. Wala hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani mwaka 2020, uchimbaji ukiendelea, jengo moja la ghorofa lilipata nyufa na wakazi wake wakahamishwa. Stesheni ilifunguliwa Oktoba 2022, ikapewa jina la marehemu Safaa Hegazy, mtangazaji.

Kazi ya stesheni namna hii aghalabu haianzi kwa shimo. Hutangulia kuta za zege, zinazomiminwa ndani ya mitaro myembamba iendayo chini sana, ndipo udongo uliomo baina yake huchimbuliwa huku pampu zikiyatoa maji. Na baina ya stesheni na stesheni mashine hutoboa njia mfano wa fuko, ikijipangia vipande vya zege nyuma yake. Abiria ashukaye kwa ngazi za umeme na kusimama jukwaani hupigwa na upepo usoni kabla hajaiona treni, kwa kuwa treni iliyomo handakini huisukuma hewa iliyo mbele yake. Katikati ya treni za Cairo yapo mabehewa ya wanawake peke yao, tadbiri ambayo kwangu ina faida kuliko matangazo yote ya adabu yabandikwayo mabasini.

Kwetu, treni ya mjini Dar es Salaam, iliyoanza 2012 na kuitwa na watu treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, hupita juu ya ardhi. Na mahandaki ya reli ya SGR, iliyofika Dodoma na abiria Julai 2024, yamo milimani Kilosa, si mitaani.

Babati haihitaji handaki. Zamalek ilichimbwa kwa sababu juu hapakubaki nafasi, ilhali makao makuu haya ya Manyara, mkoa ulioundwa 2002, yangali na ardhi baina ya Ziwa Babati na mlima Kwaraa. Enyi wapima viwanja, tengeni njia pana ya usafiri wa umma sasa, kabla maeneo ya Bagara na Maisaka hayajajaa nyumba, na wananchi tusiivamie.